Simon Rodia, Mzee wa Vigae

Wasomaji wenzangu, wengi ambao maisha yao tunasimuliwa darasani ni watu waliopigana vita au waliotawala nchi. Huyu ninayewaletea mwaka huu hakupigana na yeyote na hakutawala hata kijiji. Alikuwa kibarua wa ujenzi, mfupi wa kimo kama mita moja na nusu hivi, mtu wa shule chache na maneno mengi. Alichofanya ni kuokota takataka kwa muda wa miaka 33 na kuzijenga mpaka zikapanda juu kuliko nyumba zote za mtaa wake. Takataka hizo zimesimama hadi leo, na watu hutoka mbali kwenda kuziangalia.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Sabato Rodia. Kule Marekani wakamwita Simon, majirani wakafupisha wakamwita Sam tu, na mwaka 1937 gazeti moja likamwandika Rodilla. Hakuonekana kujali sana. Alizaliwa mwaka 1879 katika kijiji cha Ribottoli, kusini mwa Italia, si mbali na mji wa Naples. Watu wa huko walikuwa wakulima maskini, na siku hizo vijana wengi walikuwa wakipanda meli kwenda Marekani kutafuta riziki, jinsi vijana wa kwetu wanavyopanda basi la usiku kwenda Nairobi. Kaka yake alitangulia. Yeye akafuata akiwa na umri wa miaka kama 15 hivi, wakawa pamoja katika jimbo la Pennsylvania, kwenye migodi ya makaa ya mawe.

Mgodi ukamuua kaka yake. Rodia akaondoka, akaelekea magharibi, na tangu hapo maisha yake yakawa ya mtu wa kuhamahama: mara kwenye machimbo ya mawe, mara kwenye kambi za wakata miti, mara kwenye reli, mara kwenye ujenzi. Mwaka 1902 alimwoa Lucia Ucci katika mji wa Seattle, wakapata watoto watatu. Ndoa haikudumu. Pombe iliingia nyumbani, na miaka kumi haikutimia vizuri kabla mume na mke hawajaachana. Sitaki kumpaka huyu mzee mafuta kwa mgongo wa chupa: aliwaacha watoto wake wakalelewa bila yeye, na hiyo minara haifuti jambo hilo. Baadaye aliacha kunywa. Lakini watoto walikuwa wamekwisha kuwa mbali.

Mwaka 1921, akiwa na miaka 42, alinunua kiploti katika mtaa wa Watts, mjini Los Angeles. Kilikuwa kiploti cha pembe tatu, kule mwisho kabisa wa barabara ya 107, ambako njia inakufa kwenye reli. Nyinyi mnajua viwanja vya namna hiyo. Ni ile kona inayobaki baada ya wapimaji kugawa zote nzuri, ambayo mtu hainunui ila kwa kukosa. Treni za umeme zilipita hapo karibu mchana kutwa. Mwenye fedha asingelala kwa kelele, lakini Rodia alipenda. Abiria wote wa treni wangeona anachofanya.

Na alianza kufanya. Mchana alikwenda kazini kwa watu, akipaka simiti na kubandika vigae kwenye nyumba za matajiri. Jioni alirudi kwake, akavaa nguo kuukuu, akaanza kazi yake mwenyewe mpaka usiku. Jumamosi na Jumapili pia, na siku za sikukuu. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Ruhusa ya baraza la mji hakuwa nayo, na hilo ndilo baadaye lilitaka kumponza.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, hasa nyinyi mnaosoma Fizikia, maana mimi mwenyewe niliposoma habari hii mara ya kwanza nilidhani ni chumvi. Rodia hakuwa na ngazi ndefu wala majukwaa ya mbao. Hakuwa na mashine ya kuchomelea. Hakutumia hata boliti moja kuunganisha minara yake. Alichukua nondo, zile fito za chuma ambazo wajenzi hutia ndani ya nguzo, pamoja na mabaki ya mabomba na vyuma vya vitanda. Ili kukikunja chuma alikichomeka chini ya reli, akakivuta kwa uzito wa mwili wake mpaka kikapinda apendavyo. Reli ilikuwa ndiyo jiliwa lake, ile ambayo mafundi wa hapa huita vaisi. Mahali nondo mbili zilipokutana alizilaza pamoja, akazifunga kwa waya, akazizungushia wavu wa kufungia kuku, kisha akapaka simiti juu yake. Kabla simiti haijakauka, alibonyeza ndani yake vipande vya rangi.

Mnara ulipopanda, naye alipanda. Alijifunga mkanda wa wale wanaosafisha madirisha ya majumba marefu, akabeba ndoo ya simiti na mfuko wa vigae, akaukwea mnara wenyewe kwa kukanyaga pete za chuma alizojenga juzi. Mnara ulikuwa ndio ngazi yake. Akimaliza pete moja anasimama juu yake kujenga nyingine. Hivyo hivyo, mtu mmoja na ndoo moja, mpaka mnara mrefu kuliko yote ukafika karibu mita 30. Mkitaka kuelewa urefu huo, kumbukeni lile Jiwe Linalolia la Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu, ambalo husemwa kuwa na mita 40 hivi. Basi Rodia alifika robo tatu ya jiwe hilo, peke yake, na jiwe lile lilijengwa na Mungu.

Yapo mambo 17 kwa jumla katika kiploti hicho. Kuna minara mikubwa mitatu, kuna kibanda cha kupumzikia, vibeseni vya ndege kuogea, kuta za kuzunguka, na meli aliyoijenga kwa kumkumbuka Marco Polo, msafiri wa kwao Italia. Lakini kinachomshangaza mtu ni ngozi ya vitu hivyo. Kuna vipande vya sahani na vikombe, vioo, makombe ya baharini kwa maelfu, vigae vya sakafu, mawe ya rangi. Chupa za kijani zilikuwa za soda ya 7-Up. Chupa za buluu zilikuwa za dawa ya tumbo. Mahali pengine hakubandika kitu, bali aligandamiza tu kitu kwenye simiti mbichi, akakiondoa, alama ikabaki: nyundo yake, vyuma vya mapambo, mashuke ya ngano, na hata magunzi ya mahindi. Magunzi, jamani! Yale ambayo sisi tunawashia moto, yeye aliona ni pambo.

Hapa naomba nitoke kidogo nje ya njia, kwa kuwa hili ni gazeti la chama cha Kiswahili. Katika lugha yetu kipande cha mtungi uliovunjika huitwa kigae. Na kile kipya kabisa kinachonunuliwa dukani kwa bei ghali, cha kuezekea nyumba au kutandika sakafuni, nacho huitwa kigae. Neno ni moja. Nadhani Rodia angaliifahamu lugha hii upesi sana, maana maisha yake yote alikuwa akibandika kigae cha pili mchana na kuokota kigae cha kwanza jioni.

Kuokota kwenyewe kulikuwa safari. Alitembea kandokando ya reli akikagua kila kilichotupwa, mwendo wa kilomita nyingi, akarudi na mfuko begani. Pwani alikwenda kutafuta makombe. Watoto wa mtaa wakajua. Wakawa wanamletea sahani zilizovunjika na chupa, naye anawapa senti au biskuti. Inasemekana kwamba baadhi ya watoto waligundua upesi kuwa sahani nzima ikivunjika inakuwa mali, na akina mama wakaanza kushangaa mbona vyombo vinapungua kabatini. Hilo silaumu. Hata hapa kwetu, tangu wanunuzi wa skrepu waanze kupita na mkokoteni, sufuria ikikaa nje sana inapata miguu.

Maana kusema kweli, kazi ya Rodia si ngeni kwetu. Sisi wa shule ya kutwa hupita kila jioni mbele ya mafundi wa jua kali. Tunawaona wakigeuza mikebe kuwa koroboi, tairi kuwa akala, mapipa kuwa karai na majiko, na mabati kuwa yale masanduku ya wenzetu wa shule za bweni. Kugeuza takataka kuwa kitu ni jambo tunalolijua tangu utotoni. Tofauti ni moja. Fundi wa jua kali anageuza ili auze, mtoto wake ale. Rodia hakuuza hata kigae kimoja. Kwenye ukuta aliandika maneno ya Kihispania, Nuestro Pueblo, maana yake mji wetu. Yeye alikuwa Mwitaliano. Majirani zake wengi walikuwa watu wa asili ya Meksiko na Wamarekani weusi. Akachagua lugha ya majirani, na akachagua neno la kusema ni wetu, ilhali kila jiwe alilibeba yeye.

Miaka ikapita. Mwaka 1931 dhahabu ilipogunduliwa hapa Kakamega, na wazungu wakamiminika wakichimba kule Rosterman na kwingineko, Rodia alikuwa na miaka kumi akichimba mapipa ya taka ya Los Angeles. Machi 1933 tetemeko kubwa likapiga upande ule wa California. Majumba mengi yakaanguka, shule nyingi zikabomoka. Minara ikasimama. Ulipokuja Vita Vikuu vya Pili, uvumi ukaenea kwamba ile si sanaa, eti ni mitambo ya kupelekea Wajapani habari za siri. Mtu akijenga kitu kisichoeleweka, watu hukitafutia ubaya. Baada ya vita, watoto wakubwa wa mtaa wakawa wanarusha mawe na kuvunja vioo. Mzee akarekebisha. Wakavunja tena.

Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70 na mwili umeanza kukataa kupanda, Rodia alifanya jambo ambalo limewasumbua wengi. Alimpa jirani kiploti chote, pamoja na nyumba na minara, bure. Akaondoka, akahamia mji wa Martinez kaskazini, karibu na ndugu zake. Hakurudi kuitazama tena kazi yake. Wengine husema alichoshwa na majirani, wengine kwamba alikuwa amemaliza. Mimi naona ni kama mzee aliyewagawia wanawe shamba: akishagawa, hapiti tena mpakani kuhesabu migomba.

Nyumba yake ikaungua baada ya muda mfupi, na baraza la mji likaamua kwamba minara nayo ibomolewe kwa kuwa ilikuwa hatari. Haikuwa na plani, wala haikupata hati ya mhandisi. Watu wa baraza walitazama nondo zilizofungwa kwa waya wa kuku, wakasema upepo mkubwa ukija itaanguka juu ya watoto. Mwaka 1959 vijana wawili, William Cartwright aliyekuwa akisomea filamu na Nicholas King aliyekuwa mwigizaji, wakakinunua kiploti kwa dola 3,000. Hawakuwa matajiri. Wakaunda kamati, wakaanza kubishana na mji.

Ubishi huo unatugusa, nami sitaficha. Muhula wa pili chama chetu kiliomba kujenga sanamu karibu na uwanja wa gwaride, sanamu ya mpiga isukuti, kwa gia za baiskeli, mabati, nondo zilizobaki kwenye ujenzi na vigae vya vyombo vilivyovunjika jikoni. Wako wenzetu waliocheka, wakasema shule itafanana na gereji. Kicheko hicho hakinisumbui. Lakini mwalimu mmoja aliuliza kitu kingine: kikimwangukia mtoto wa kidato cha kwanza, nani atajibu? Swali lile si la dharau. Ndilo swali la baraza la Los Angeles, na kila anayejenga nje mahali watu wanapita lazima alijibu. Swali ni kwamba linajibiwa vipi.

Kamati ya minara haikujibu kwa hotuba. Alikuwamo mhandisi wa vyombo vya angani, Bud Goldstone, ambaye alipiga hesabu akaona minara ni imara kuliko ilivyodhaniwa. Akawaambia watu wa mji kwamba badala ya kugombana, mnara uvutwe. Siku ya tarehe 10 Oktoba 1959, mbele ya umati na waandishi wa habari, mnara mrefu ukafungwa nyaya na kuvutwa kwa upande kwa nguvu ya pauni 10,000, yaani karibu kilo 4,500. Pigeni hesabu ya kwetu: ni uzito wa magunia 50 ya mahindi ya kilo 90. Ukianguka, mji umeshinda na tingatinga litaingia. Mnara ukatikisika kidogo sana, basi. Kilichoanza kupinda ni chuma cha mtambo uliokuwa ukivuta. Jaribio likasimamishwa, na amri ya kubomoa ikafa siku hiyo hiyo.

Siri yake nimejaribu kuielewa. Kwa kuwa Rodia alifunga kila fito kwa nyingine, kwa pete na vikono huku na huku, mnara hauna mahali pamoja panapobeba mzigo wote. Ukivuta hapa, sehemu nyingine zote zinashikilia, kama kapu lililosukwa. Simiti nyembamba inashika chuma kisipate kutu upesi, na chuma kinashika simiti isipasuke. Hayo hakuyasoma chuoni. Aliyajua kwa mikono, na kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akining'inia juu yake kila jioni.

Nisidhaniwe nasema masomo ni bure. Sisi wa kaunti hii tunaye Gregory Maloba, aliyezaliwa Mumias mwaka 1922, akasomea sanaa Makerere na akafundisha huko huko. Ndiye aliyejenga lile Sanamu la Uhuru linalosimama katikati ya Kampala tangu mwaka 1962, mama akimwinua mtoto juu. Maloba alipewa kazi na serikali, akafuata plani, akasimamisha. Rodia hakupewa na mtu. Wote wawili walijua kitu kimoja, kwamba sanamu ya nje haina mlango wa kufunga jua na mvua, na haichagui mtazamaji.

Mwaka 1961 Rodia alialikwa kwenye chuo kikuu cha Berkeley, ambapo watu walikuwa wakizungumza juu ya kazi yake. Mzee akasimama mbele ya wasomi, nao wakampigia makofi kwa muda mrefu. Alifariki Martinez, Julai 1965. Kabla mwezi haujaisha vizuri, tarehe 11 Agosti, Watts ikawaka moto. Polisi walikuwa wamemkamata dereva kijana mweusi, ugomvi ukazuka, na hasira ya miaka mingi ya ubaguzi na ukosefu wa kazi ikalipuka kwa siku sita. Watu 34 walikufa. Maduka yakaungua mtaa baada ya mtaa. Minara ya kioo na vigae, ambayo jiwe moja lingetosha kuidhuru, haikuguswa.

Karibu na minara hiyo palikuwa na kituo cha sanaa kwa watoto wa mtaa, na mkurugenzi wake alikuwa mchongaji Noah Purifoy. Moto ulipozima, yeye na wenzake waliingia kwenye majivu wakiwa na mikokoteni, wakakusanya tani tatu za mabaki: mbao zilizoungua, vyuma, taa za matangazo ya maduka zilizoyeyuka zikagandamana. Mwaka 1966 wakatengeneza sanamu kwa mabaki hayo na kuzipeleka kuonyeshwa mahali pengi. Mwaka uliofuata wanamuziki wa Uingereza, The Beatles, wakaiweka sura ya Rodia kati ya sura za watu mashuhuri kwenye jalada la sahani yao, na mwaka 1990 serikali ya Marekani ikaitangaza minara kuwa kumbukumbu ya taifa zima. Tetemeko la Januari 1994 liliitia nyufa, mafundi wakaingia kazini kuziziba, na kuziba huko hakujawahi kwisha kabisa, kwa sababu jua la huko hutanua chuma mchana na usiku hukirudisha, na vigae hulegea. Kila kigae kinachoanguka huokotwa, hupimwa, na kurudishwa mahali pake, kimoja kimoja, na watu wanaolipwa mshahara kwa kazi ambayo mzee yule aliifanya bure baada ya chakula cha jioni.